Diplome Mbili kwa Ufunguo Mmoja

Vijana mliobaki chumba cha kompyuta mlinitumia ujumbe juma la pili tu baada ya kustaafu kwangu, mkiniomba niandike mambo ya kazi "kabla Mama hajasahau". Nimeelewa mnavyonikadiria. Basi naandika. Sitasema nilipanda cheo lini wala nililipwa nini, maana la kwanza halina utamu na la pili litawavunja moyo. Nitasema juu ya viambatisho, ambavyo vimekula miaka yangu mingi, na juu ya kosa langu moja ambalo nyinyi mnafanya kazi juu ya marekebisho yake kila siku bila kujua lilitoka wapi.

Ofisi yetu inasimamia shule nyingi, za hapa Bunia na za vijijini, na inatunza dosie, yaani jalada, ya kila mwanafunzi. Jina lake silitaji. Imenivumilia vya kutosha. Siku ya kwanza niliingia pale kama mpiga taipu, nimevaa viatu vya kuazima vilivyonibana hata nikajibu maswali ya shefu, mkuu wa ofisi, kwa ufupi sana, naye akaniona mtu wa nidhamu. Nilikuta makabati mawili ya chuma, mashini ya taipu ambayo herufi yake ya "a" ilipenda kuruka juu ya wenzake, na Papa Kakule. Wazazi wa Papa Kakule walihamia Bunia kutoka Butembo kufanya biashara, na katika ukoo mzima yeye peke yake hakuuza kitu. Yeye alitunza karatasi.

Hakunionyesha mashini. Alinipa sindano na uzi. Wakati ule kiambatisho kilikuwa karatasi iliyobanwa kwa pini nyuma ya fomu ya mwanafunzi: cheti cha ubatizo, bulletin ya mwaka yenye alama zake, barua ya mzazi. Pini hushika kutu, na kutu hula karatasi. Kazi yangu ilikuwa kutoa pini zote na kushona kila karatasi kwenye fomu ya mwenyewe. Nilivumilia siku nne, kisha nikasema.

"Papa Kakule, miye nilikuya kupiga mashini, hapana kushona."

Hakuinua kichwa. "Karatasi yenye haina mwenyewe ni takataka, Kiiza. Shona."

Nilishona majuma matatu. Nyumbani mama yangu aliuliza wamenipa kazi gani, nikamwambia nimekuwa fundi cherehani bila cherehani.

Kompyuta ya kwanza ilifika juu ya pikipiki, imefungwa kwa kamba ya mpira kama mbuzi wa sikukuu. Shefu aliiagizia kitambaa cha kitenge kuifunika, kwa sababu vumbi letu jekundu halina heshima kwa mtu. Papa Kakule alikuwa mtu mzima wa mvi tayari, lakini alikaa na kitabu kinene cha Kifaransa, kalamu mkononi, mpaka akajifunza kuandika programu. Kisha akanifundisha mimi, kwa sababu, alisema, nilikuwa nimeshashona na sitasumbua.

Alichagua hifadhidata ya namna ambayo wengi wenu mlicheka mlipoikuta. Hifadhidata za kawaida ni kama daftari lenye mistari na safu. Lazima uvunje kila jambo vipande vipande ili liingie. Ya kwetu inahifadhi vitu vizima. Unaandika darasa, yaani kiolezo, liitwalo Mwanafunzi, na kila mtoto anayesajiliwa ni kitu kilichozaliwa kwa mfano wa darasa hilo. Unaandika darasa lingine, Kiambatisho, na kila karatasi iliyopita kwenye skana inakuwa kitu chenye jina lake, aina yake, uzito wake, siku iliyopokelewa, na ndani yake ile picha yenyewe. Hakuna kuvunja. Papa Kakule aliipenda kwa sababu ilifanana na kabati lake.

Kabla ya kuniruhusu kugusa vibonye alinitaka niseme kwa mdomo ninachotaka kuandika. Kiambatisho hiki ni cha nani? Kimeletwa na nani? Kikiletwa tena kesho, tutafanya nini? Nikishindwa kujibu, narudi kwenye kiti changu. Nawashauri mfanye hivyo hata leo, ingawa mtaonekana mnaongea peke yenu. Mimi nimeonekana hivyo miaka mingi na sijadhurika.

Somo la kwanza gumu lilinikuta nikiingiza vyeti vya ubatizo vya shule moja. Asubuhi nzima niliunda viambatisho, kimoja baada ya kingine, nikiwa na raha, nikiimba. Saa tano umeme ukakatika. Uliporudi, hapakuwa na hata cheti kimoja. Nilikuwa nimeviunda kwenye kumbukumbu ya kompyuta, sikuwa nimetoa amri ya kuthibitisha ili viandikwe kwenye diski. Nilikaribia kulia.

"Uliwazaa, lakini haukuwaandikisha," Papa Kakule akasema. "Kwa serikali, mutoto wa vile hayuko. Rudilia."

Nilirudia, safari hii nikithibitisha kila baada ya karatasi kumi, bila kuimba.

Somo la pili lilitoka upande wa Bule. Mkurugenzi wa shule moja ya huko alitutumia flashi yenye bulletins za darasa la sita, naye kwa bahati mbaya aliacha humo filamu ya harusi ya mdogo wake. Programu yangu haikubagua. Ilichukua kila kilichokuwemo, ikaandika kwamba harusi ni kiambatisho cha mtoto mmoja wa miaka kumi na mmoja, na kabla ya mchana diski ikajaa. Tuliiangalia filamu yote, kwa sababu za kiufundi. Bibi harusi alicheza vizuri kuliko wapambe wake. Baada ya hapo niliandika sheria: kabla ya kuunda kiambatisho, pima uzito wake na ukague aina yake kwa kusoma ndani ya faili, maana jina la faili halina kiapo. Mkurugenzi alikuja mwenyewe kuomba radhi, akaomba pia nakala ya harusi, maana ya kwake ilikuwa imepotea.

Sasa nafika kwenye majina, ndipo panaponiuma.

Kila kiambatisho kinahitaji ufunguo, yaani neno moja ambalo hifadhidata hulitumia kukitafuta. Mwanzoni ufunguo ulikuwa jina la mwanafunzi. Mnajua Bunia ilivyo. Familia za Wanande huwapa watoto majina kwa mpangilio wa kuzaliwa, kwa hiyo darasa moja la mjini lilikuwa na akina Kambale wanne na akina Kavira watatu, na ukifungua Kambale huyu unakuta ubatizo wa yule.

"Siye Banande njo tutaua hii mashini," Papa Kakule alisema, akicheka mpaka akavua miwani.

Mimi nilikuja na dawa. Niliitangaza kwenye mkutano, tena nimesimama. Tuache jina la mtoto, nilisema, lina matata. Ufunguo uwe jina kamili la baba, tarehe ya kuzaliwa mtoto, na aina ya karatasi. Baba mmoja hapati watoto wawili kwa siku moja.

Shefu wetu aliinua kidole. "Na mwenye bibi wawili?"

Chumba kizima kilicheka, tukataja na majina ya wahusika. Nikaongeza jina la mama kwenye ufunguo. Nilijiona mtu wa akili sana. Nikaongeza na sheria nyingine: kiambatisho kipya kikifika na ufunguo uliopo tayari, kile kipya kichukue nafasi ya kile cha zamani, maana mara nyingi karatasi ilipita upande kwenye skana na ikabidi ipitishwe tena. Watu saba walikuwa ndani ya chumba kile, na kati yao wawili waliozaliwa na wakunga, na hakuna aliyesema neno. Nami, Kiiza, ndiye niliyepaswa kusema wa kwanza. Mtaona kwa nini.

Programu ilifanya kazi. Kambale walitengana na Kambale wenzao. Miaka ikaenda, nikawa nafundisha wengine, na jina langu likabandikwa kwenye kibao kidogo cha mbao pale dirishani, kwa kuwa siku nyingine nilihudumia watu mwenyewe.

Jumatano moja asubuhi alikuja msichana wa miaka ishirini hivi, kajifunga kitenge vizuri, lakini viatu vyake vilikuwa vya mtu aliyetoka mbali. Aliniambia anaitwa Nyakato, wazazi wake ni wa Boga, na sasa familia nzima imepanga chumba huku mtaa wa Bigo.

"Mama, nilikuya kutafuta diplome yangu. Ile karatasi yenyewe iliungua na nyumba. Kwa shule ya banesi banapokea kopi yenye muhuri yenu, lakini vendredi saa sita banafunga."

Shule ya wauguzi, Ijumaa saa sita. Zilibaki siku mbili. Kila mtu hapa anajua ukitaka diplome nyingine ya serikali barua yako inakwenda Kinshasa, nayo Kinshasa haina haraka na mtu wa Bigo. Lakini sikuwa na wasiwasi. Muhula ule ule tulikuwa tumezungusha skana yetu kwenye shule za upande wa Boga, na karatasi zao zote zilikuwa ndani. Nilimtafuta, nikampata, nikachapisha, nikampa kwa tabasamu la mtu anayeheshimu kazi yake.

Aliisoma polepole. "Hii ni ya dada yangu."

"Dada yako nani?"

"Nyangoma. Tuko mapasa. Yeye njo mukubwa, alinitangulia dakika makumi mbili."

Niligeukia skrini, nikausoma ule ufunguo. Baba mmoja, mama mmoja, siku moja, aina moja ya karatasi. Ufunguo mmoja. Ya Nyakato ilipita kwenye skana kwanza, ya Nyangoma ikafuata, na programu yangu, kwa utiifu, ikamfukuza mdogo ili kumweka mkubwa.

Naye binti alikuwa akisoma kibao changu. "Mama, banakuita Kiiza? Weye ni wa kwetu?"

"Niko wa kwenu, ndiyo."

"Kumbe mapasa unabajua."

Nilibajua, bila shaka. Kwa wasio wa kwetu nieleze: Boga, mtoto anayezaliwa baada ya mapacha huitwa Kiiza. Kaka zangu ni Isingoma na Kato. Nimelala nao chumba kimoja utoto wangu wote, nimevaa mashati yao mawili mawili yalipochakaa, nimeitwa kwa sababu yao kila siku ya maisha yangu, halafu nikasimama mbele ya watu nikatangaza kwamba baba mmoja hapati watoto wawili kwa siku moja. Hata shefu na swali lake la bibi wawili alikaribia ukweli kuliko mimi.

Shefu mwenyewe alipita nyuma yangu, akaona uso wangu, akauliza kwa sauti ya chini. Nilimweleza. Akakuna kidevu. "Andika tu kama hawakuleta. Nani atajua?"

Sisemi hivi kumsema vibaya. Alikuwa mtu mwema aliyeogopa makao makuu. Na kusema kweli, wazo lile lilinivutia kwa muda wa kumeza mate. Lakini mficha uchi hazai. Nilirudi dirishani.

"Nyakato, diplome yako muliileta, na siye tuliipokea. Kisha ni miye nilikosa. Mashini haina kosa. Ya dada yako ilikalia fasi ya yako."

"Itaonekana?"

"Sijui, mama. Nitatafuta."

Hakulia wala kunitukana. Alikwenda kukaa kwenye benchi ya mbao karibu na mlango, akaweka mfuko wake magotini, kama mtu aliyeamua kwamba kazi yake sasa ni kunitazama. Ningependelea anitukane.

Papa Kakule alikuwa katika mwaka wake wa mwisho kazini. Nilimkuta kwenye kabati zake, nikamsimulia bila kujitetea. Aliuliza jambo moja tu.

"Salongo ya mwisho ulifanya lini?"

Lazima nieleze salongo yetu, kwa kuwa nyinyi mnaifanya kwa kibonye kimoja. Hifadhidata ile haifuti. Ukibadilisha kitu, inaandika hali mpya juu, na hali ya zamani inabaki chini yake, haionekani, inakula diski. Kila mwisho wa muhula ilibidi mtu apige amri ya kufagia yote yaliyo chini. Tuliita kazi hiyo salongo, kama usafi wa mtaa wa Jumamosi, na kama usafi wa mtaa kila mtu alikuwa na udhuru. Muhula ule zamu ilikuwa yangu. Kwanza palikuwa na harusi ya mpwa wangu. Kisha betri za sola zilikuwa dhaifu. Kisha hapakuwa na sababu yoyote ila kwamba sikutaka. Shefu alikuwa amenibandikia karatasi ukutani mara mbili: SALONGO, na jina langu chini, limepigiwa mstari.

"Papa, juu ya ile salongo..."

"Sema kweli."

"Sikufanya."

Alikaa kwenye ngazi ya kabati, mikono magotini, akaanza kucheka hadi mabega yakatikisika. "Asanti Mungu kwa uvivu ya Kiiza! Basi iko ndani. Mutaka cha mvunguni ainame. Twende tuiname."

Tuliinama Jumatano yote. Daftari la mapokezi lilituambia siku ambayo karatasi za Boga ziliingia, lakini siku ile peke yake tulikuwa tumethibitisha mamia ya mara, kwa vile mimi na kuthibitisha kwangu kila karatasi kumi. Kila uthibitisho una saa yake na hali za vitu vilivyobadilika. Tulipitia mmoja mmoja, mimi nikisoma kwenye skrini, yeye akiweka alama kwa penseli. Mchana betri zilianza kulia, tukazima feni, redio na kompyuta ya shefu, ambaye kwa mara ya kwanza hakulalamika. Jioni tukafunga tukiwa hatuna kitu. Nyakato alituaga kwa heshima, akasema atarudi. Nilitembea nyumbani nikiwa na aibu niliyoweza kuipima kwa kilo.

Alhamisi alifika kabla yetu. Alileta mandazi, na hilo lilinichoma zaidi. Tuliendelea. Karibu na saa sita mchana nilifungua hali moja ya zamani ya ule ufunguo, picha ikashuka taratibu kutoka juu ya skrini: nembo, namba, asilimia, kisha jina. Nyakato.

Papa Kakule alipiga meza. Mimi nilipiga kelele ambayo shefu aliisikia uani. Tukamwita binti aje athibitishe kwa macho yake. Alisimama nyuma ya kiti changu, akaona jina lake, akashika mdomo kwa mikono miwili. Nami mikono yangu ilishaandika amri. Kulikuwa na amri ya kurudisha kitu kwenye hali yake ya zamani, neno moja tu, na kidole changu kilikuwa juu ya kibonye cha mwisho.

"Mama," akasema. "Ukirudisha yangu, ya Nyangoma itaenda wapi?"

Nilitoa kidole. Papa Kakule pia alitoa mikono yake mezani, ingawa yeye hakuwa amegusa kitu.

Ingekwenda mahali ilipokuwa ya mdogo wake: chini, gizani, ikingoja fagio. Na fagio lile, kwa hamu niliyokuwa nayo ya kujisafisha mbele ya shefu, ningelipitisha wiki ile ile. Karatasi halisi ya Nyangoma iliungua katika nyumba ile ile. Watu wawili tuliozeeka na kazi hii, furaha ilitupofusha macho, na aliyeuliza swali la Papa Kakule, lile la kiambatisho hiki ni cha nani, ni binti ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu.

"Nani alikufundisha kuuliza vile?" Papa Kakule akamwambia.

Alishangaa swali. "Kwetu mapasa hawapewake kitu moja-moja, Papa. Ukipa huyu, unaangalia kwanza mukono ya mwenzake."

Hilo nalo nilikuwa nalijua. Mama yangu hakununua shati moja hata siku moja.

Sikurudisha kitu. Nilivuta karatasi nyeupe na kalamu, kwa sababu Papa Kakule alikuwa ameshasukuma kibodi mbali nami. Tuliandika upya namna ya kuunda kiambatisho. Kwanza, kila kiambatisho kikizaliwa kinapewa namba yake, ambayo haitokani na baba, mama wala tarehe, na haitumiki tena hata kikifa. Pili, mwanafunzi mwenyewe anashika orodha ya viambatisho vyake. Hatuvitafuti kwa kubahatisha jina. Tatu, kipya hakimfukuzi mwenzake. Kikija kingine, kinakaa pembeni, na mtu mwenye macho ndiye anayeamua kipi kiondoke. Kisha tukaitoa ile picha ya zamani bila kugusa iliyo juu, tukaunda kwayo kiambatisho kipya, tukakiweka kwenye orodha ya Nyakato. Tukaunda kingine kwa ya Nyangoma, kwenye orodha yake. Tukathibitisha. Nilifungua mmoja, nikafunga, nikafungua mwingine. Nilifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na hakuna aliyenizuia.

Ijumaa saa mbili na nusu shefu alitia sahihi na muhuri, akaupuliza wino ukauke kama anayepoza chai ya mtoto. Nyakato alipanda pikipiki mbele ya ofisi. Jumatatu alirudi kutuonyesha karatasi ya kupokelewa shuleni, akaishika juu kwenye kioo cha dirisha ili wote tuione, na mimi nililia mbele ya foleni nzima bila kuona haya.

Majuma yaliyofuata hayakuwa ya kusherehekea. Tulitafuta katika dosie zote watoto wa baba mmoja, mama mmoja na siku moja. Jozi tisa. Wengi bado walikuwa na karatasi zao, tukazipitisha upya. Wawili hatukupata vyeti vyao vya ubatizo mpaka leo, kwa sababu salongo za nyuma nilizifanya kwa bidii. Nilikwenda kwa kila familia kwa miguu yangu, nikasema ni mimi. Mama mmoja alinifukuza, na alikuwa na haki. Wa pili alinipa viazi. Mkikuta kwenye programu ule mstari unaosema salongo isifanyike kabla watu wawili hawajatia jina, msiufute eti unawachelewesha. Umewekwa uwacheleweshe.

Papa Kakule aliondoka kazini mwaka ule. Sherehe yake ilikuwa na hotuba tatu, nami nikakatazwa kusimulia habari ya uvivu, nikaisimulia.

Miezi mingi baadaye, asubuhi yenye foleni ndefu, niliinua macho dirishani nikamwona Nyakato. Nilisimama nikanyoosha mkono. Msichana aliutazama mkono wangu kama watu wanavyotazama mkono wa mgeni anayejipa mazoea, na hapo nikaelewa kuwa huyu ndiye mkubwa wa dakika ishirini.

"Naitwa Nyangoma. Nataka kopi ya diplome. Mama, siye tunangoja tangu asubui. Muko nayo ao hamuko nayo?"

Mdogo wake hakuwa amemwambia lolote. Niliandika jina lake, nikafungua orodha yake, diplome ikashuka kwenye skrini na jina lake chini ya nembo. Nilichapisha, nikagonga muhuri, nikampelekea shefu, nikarudi nayo. Aliiinua kwenye mwanga.

"Iko mweupe sana. Hamuna wino?"

"Pole, mama. Nakutolea ingine."

Ya pili nayo ilikuwa na weupe kidogo. Aliipokea hivyo hivyo, akatikisa kichwa juu ya ofisi za nchi hii, akaikunja ndani ya nailoni na kuondoka bila kuaga. Nilibaki nikitabasamu peke yangu, machozi yakinilenga, hadi baba aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akaniuliza kama nimepata habari njema. Nikamwambia wino umekwisha.